Fahamu Utaratibu wa Kupata Nakala Zilizothibitishwa za Kumbukumbu za Polisi na Mahakama Nachingwea na Ruangwa

Mwananchi aliyekamatwa au kushtakiwa kwa kosa la jinai katika Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, anaweza kuhitaji nakala za kumbukumbu zake muda mrefu baada ya shauri kumalizika. Mwingine anataka kukata rufaa. Mwingine anatakiwa na mwajiri kuthibitisha kuwa aliachiwa huru. Mwingine anadai mali iliyochukuliwa kama kielelezo. Makala hii inaeleza nakala hizo zinaombwa wapi, kwa namna gani, na kwa nini ombi halipaswi kucheleweshwa.

Kumbukumbu za Polisi

Taarifa ya tukio inapofikishwa kituoni huandikwa kitabuni na kupewa namba, ambayo wengi huifahamu kama namba ya RB. Mwombaji anapaswa kumwandikia barua Mkuu wa Kituo husika au Mkuu wa Polisi wa Wilaya, akitaja namba hiyo, jina lake kamili, tarehe ya kukamatwa na sababu ya ombi.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka mwenye taarifa kumjibu mwombaji ndani ya siku 30. Hata hivyo, si kila kilichomo katika jalada hutolewa. Taarifa zinazoweza kuvuruga upelelezi unaoendelea, au kuingilia faragha ya mtu mwingine isivyostahili, zinaweza kuzuiwa.

Ieleweke kuwa kukamatwa si kutiwa hatiani. Aliyekamatwa kisha akaachiwa bila kufikishwa mahakamani hana hukumu ya kuomba huko. Anayehitaji uthibitisho kwa ajili ya ajira au safari ya nje ya nchi huomba hati ya tabia njema kwa Jeshi la Polisi, ambapo huchukuliwa alama za vidole.

Kumbukumbu za Mahakama

Nakala huombwa katika mahakama iliyosikiliza shauri, iwe Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, au Mahakama ya Hakimu Mkazi mjini Lindi. Shauri lililofika Mahakama Kuu hufuatiliwa Kanda ya Mtwara. Kwa kuwa Ruangwa ilitokana na Wilaya ya Nachingwea katika miaka ya 1990, mwenye shauri la zamani asome kwanza jina la mahakama lililoandikwa katika hati aliyonayo kabla ya kulipa nauli.

Barua huelekezwa kwa Hakimu Mfawidhi. Itaje namba na mwaka wa shauri, jina la mshtakiwa, tarehe ya hukumu, na nakala inayohitajika: hukumu, mwenendo wa shauri, hati ya mashtaka au amri. Mwombaji abaki na nakala ya barua yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Palipo na ada, ilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na stakabadhi ihifadhiwe. Fedha zisikabidhiwe mtu mkononi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, nakala iliyothibitishwa huwa na maelezo chini yake kuwa ni nakala ya kweli, yakiambatana na tarehe, saini, jina na cheo cha afisa aliyeithibitisha, pamoja na muhuri pale afisa huyo anapoidhinishwa kuutumia. Mwombaji akague mambo hayo kabla ya kuondoka. Hukumu zinazosomwa bila malipo katika tovuti ya TanzLII, hasa za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, husaidia kujisomea, lakini karatasi iliyochapishwa kutoka huko haichukui nafasi ya nakala iliyothibitishwa.

Muda wa Rufaa

Anayepinga uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Anayepinga hukumu ya jinai iliyotolewa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ilipoanza kulisikiliza shauri, kwa kawaida hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha huwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Katika kuhesabu siku hizo 45, muda uliohitajika kupata nakala ya hukumu na mwenendo hauhesabiwi. Lakini siku 10 za kutoa taarifa hazisubiri nakala. Wapo wanaokaa nyumbani wakingoja kuitwa kuchukua hukumu, na siku hizo zikapita. Barua yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe ya kuthibitishwa kwa nakala ndizo zitakazoonesha kuwa ucheleweshaji haukutokana na mkata rufaa. Aliyechelewa anaweza kuiomba Mahakama Kuu impokelee rufaa nje ya muda, ila atapaswa kutoa sababu za msingi.

Mfungwa anaweza kuwasilisha rufaa yake kupitia Mkuu wa Gereza alimo. Ndugu wanaofuatilia nakala kwa niaba yake wafike mahakamani wakiwa na namba ya shauri na jina lake kama lilivyoandikwa katika hati ya mashtaka.

Asiyemudu gharama za wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa kuanzia na wasaidizi wa kisheria waliopo katika halmashauri yake. Ni vema barua ya kuomba nakala na taarifa ya kusudio la rufaa zikaandikwa siku ileile hukumu inaposomwa.