Hesabu ya Roho na Mwili



Mwaka 1522, huko Manresa, Hispania, Inyasi wa Loyola alitaka kuzilipia dhambi zake kwa kuutesa mwili. Alisali saa saba kila siku, akaishi kwa kuombaomba, na safari moja akafunga juma zima bila kula chochote, mpaka padre muungamishi wake alipomwamuru ale. Alitii, lakini maumivu ya tumbo yalimwandama miaka mingi.

Tarehe 20 Septemba 1548, akiwa Roma, alimwandikia Fransisko Borja, mtawala wa Gandía, aliyekuwa naye akijidhoofisha kwa mafungo. Alimsihi apunguze kufunga, ale vema, autie mwili nguvu. Kwani roho na mwili vyote ni mali ya Muumba, na kwa vyote viwili tutatoa hesabu.

Inyasi hakuifuta toba. Alijifunza kwa gharama kubwa kwamba mwili uliovunjika hauwezi kumtumikia jirani.

Nawe katekista, unayezunguka vigangoni huku una homa, ukiahirisha kila siku kwenda zahanati: usiuite uzembe huo sadaka. Nenda ukatibiwe, upumzike, kisha urudi shambani mwa Bwana. Amina.