Uganda Ndani ya Skrini Nyeusi

Mara ya kwanza kufungua Vim nilishindwa kutoka. Sitanii. Ilikuwa usiku, taazia niliyoiandika inatakiwa kurekebishwa moja kwa moja kwenye seva, fundi wetu wa kompyuta keshalala, na kila herufi niliyobonyeza ilifuta kitu au kunirusha pengine. Nikazima kompyuta. Marekebisho yakapotea, na jina la marehemu likabaki limekosewa hadi asubuhi. Familia yake ilipiga simu kabla sijafika ofisini.

Kwa aibu ile nikaamua kujifunza hiki kidude. Vim ni mtoto wa vi, programu ya kuhariri maandishi aliyoianza Bill Joy mwaka 1976, akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alikuwa akiifanyia kazi nyumbani kupitia modemu ya kasi ya 300, yaani herufi kama 30 tu kwa sekunde. Kwa mwendo huo huwezi kusubiri menyu zichorwe. Ndiyo maana amri zake ni fupi hivyo: x inafuta herufi, dd inafuta mstari. Ukitaka kuandika bonyeza i, ukimaliza Escape. Ukitaka kutembea tumia h, j, k na l, kwa sababu kibodi ya ADM-3A aliyotumia Joy ilichorwa mishale juu ya herufi hizo. Na kutoka bila kuhifadhi ni :q!, basi.

Ila kilichonishika ni ujumbe unaotokea ukiifungua Vim bila faili: wasaidie watoto maskini wa Uganda. Nikakunja uso. Yaani hata humu, sisi na umaskini wetu? Nikaandika :help uganda. Kumbe Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991, alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na Tanzania, mwaka 1994. Akajitolea mwaka mmoja kama mhandisi wa maji na usafi kwenye kituo cha watoto, eneo ambalo Ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi. Vim aliitoa bure. Aliyeipenda aliombwa achangie kituo hicho.

Neno “maskini” bado linanikera, nakiri.

Moolenaar alifariki Agosti 2023. Taazia yake niliiandika humo humo ndani ya Vim, nikakagua jina mara tatu, o mbili, a mbili, kisha :wq.