Nani Alichapa?

Mimi ni mtu wa kiwanda cha chapa. Nilifundwa kazi katika kiduka cha River Road, Nairobi, nikichomoa herufi za risasi moja moja visandukuni na kuzipanga kinyume, vidole vyeusi hadi jioni. Ndiyo maana nikisoma habari za uhuru wetu, swali langu la kwanza huwa: nani alichapa?

Mwaka 1921, jibu ni Manilal Ambalal Desai. Alifika kutoka Bara Hindi mwaka 1915, akawa karani wa mawakili, na mwaka 1919 akaanzisha gazeti la East African Chronicle. Harry Thuku, mpiga simu wa Hazina, alikuwa na malalamiko tele: kodi ya nyumba imepanda kutoka rupia 5 hadi 8, walowezi wanataka kukata theluthi ya mishahara, kipande cha utambulisho kinaning'inia shingoni. Desai alimfungulia ofisi yake na mashine yake ya chapa.

Wapo wanaosema Wahindi walijitafutia viti vya Baraza la Kutunga Sheria na mashamba ya nyanda za juu. Waliyataka hayo, kweli. Lakini mwenye kujali duka lake tu hachapi karatasi itakayolifungisha.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku ya tatu umati ulijaa nje ya kituo cha polisi, jirani na hoteli ya Norfolk. Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume kwa woga wao, watu wakasonga mbele, bunduki zikalia. Naye alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walitaja wengi zaidi. Chronicle nayo ikavamiwa, ikafa.

Waarmenia wangemwelewa Desai. Gazeti lao la kwanza, Azdarar, lilitoka Madras mwaka 1794, mbali na kwao, na katika mji huohuo wafanyabiashara wao walishachapa rasimu ya katiba ya nchi ambayo bado haikuwa huru.

Desai alifariki mwaka 1926. Katika ukumbi uliojengwa kwa jina lake ndimo baadaye alimofanyia kazi Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi, mhariri, mfungwa wa kisiwa cha Manda. Pan African Press aliyosaidia kuianzisha ilitoa Sauti ya Mwafrika. Tarehe 24 Februari 1965, akiwa mbunge, alipigwa risasi langoni kwake Westlands, bintiye mdogo akiwa garini. Aliyefungwa kwa mauaji hayo alitoka mwaka 2001 akisisitiza kwamba hakuua. Aliyewatuma wauaji hajashtakiwa, nami bado nadai ashtakiwe.