Ushahidi Usioandikwa: Historia ya Haiba ya Mpakani na Upungufu wa Umakini kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu, kwa Mtazamo wa Mwananyamala

Dhana mbili zinazochunguzwa hapa hazikuzaliwa katika chumba kimoja. Upungufu wa umakini na utukutu uliopindukia, unaojulikana kwa kifupi kama ADHD, ulianzia katika tiba ya watoto: mwaka 1902 daktari George Still alitoa mihadhara jijini London kuhusu watoto walioshindwa kujizuia ilhali akili zao zilikuwa timamu. Haiba ya mpakani ilitokana na uchambuzi wa nafsi za watu wazima. Mwaka 1938 Adolf Stern wa New York alieleza kundi la wagonjwa walioonekana kusimama mpakani mwa nurosisi na saikosisi, wepesi wa kuumizwa na wagumu wa kutibika.

Dhana hizo zilikutana katika kitabu kimoja mwaka 1980, lilipotoka toleo la tatu la mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, lakini katika sura tofauti. Kabla ya hapo, mwaka 1976, Paul Wender na wenzake wa Utah walikuwa wameanza kuonyesha kwamba hali hiyo ya utotoni huweza kuendelea ukubwani. Vigezo vyao vya baadaye vilijumuisha hasira za karibu na kugeukageuka kwa hisia. Vigezo rasmi havikuzipa hisia nafasi hiyo. Kwa maoni ya mtafiti, sehemu kubwa ya mkanganyiko wa leo inatoka hapo: mwanafunzi mwenye pupa, hasira na kazi zisizokamilika anaweza kupewa jina moja, jingine, au yote mawili, kutegemea mlango alioingilia.

Yapo yanayozitenganisha. ADHD hudai historia ya utotoni. Mwongozo wa mwaka 2013 ulisogeza ukomo wa umri wa dalili za mwanzo kutoka miaka 7 hadi 12. Haiba ya mpakani hutambulika zaidi kwa hofu ya kuachwa, mahusiano yasiyotulia, kutojijua mtu ni nani, na kujidhuru. Ushahidi unaohitajika, basi, ni wa utoto na wa kujidhuru. Huko Mwananyamala, aina zote mbili za ushahidi ni adimu, na uadimu huo una historia yake.

Taasisi za awali hazikujengwa kwa ajili ya mwanafunzi. Mirembe, iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, ilikuwa mahali pa kuwatenga waliohesabiwa kuwa wendawazimu, si pa kumsikiliza kijana anayefanya mitihani. Hata kliniki ya methadoni ya Hospitali ya Mwananyamala, iliyoanzishwa mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya ile ya Muhimbili, ililengwa kwa watumiaji wa heroini. Kwa kiasi fulani, hata hivyo, ilizoesha mtaa kumwona kijana akienda hospitali kila siku kwa tatizo lisilo jeraha wala homa.

Kuhusu utoto, mpangaji wa chumba cha Mwananyamala aliyetoka mkoani huwa na nyaraka moja tu: ripoti ya shule. Humo mna alama, nafasi darasani, na neno moja au mawili juu ya tabia. Mvulana asiyetulia ataandikwa mtukutu. Msichana aliyekaa kimya akitazama dirishani haandikwi chochote. Akifika chuoni na hasira zikamzidi, ni rahisi kumpa jina la haiba kuliko kumtafutia utoto ambao hakuna aliyeuandika. Mama yake angeweza kuusimulia, lakini nauli ya kumleta Dar es Salaam si sehemu ya matibabu.

Kuhusu kujidhuru, kikwazo ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, sheria iliyorithiwa kutoka ukoloni, kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Sheria haitofautishi kwa msomaji wa kawaida kati ya anayejiumiza ili apumue na anayetaka kufa, na familia haina sababu ya kusubiri ufafanuzi. Mgonjwa huletwa kama aliyeteleza, au aliyekosea dozi. Muuguzi huandika anachoambiwa. Dalili ambayo ingemsaidia daktari kutenganisha hali hizi mbili hugeuka ajali katika jalada, na mtafiti atakayelifungua miaka ishirini baadaye atasoma ajali.