Ulimi Mbele ya Sheria

Ulimi ni kiungo kidogo, lakini madhara yake huweza kuyapita yale ya rungu. Ndiyo maana wazee walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Walakini kuutungia ulimi sheria si kazi nyepesi. Sheria ikilegea, mnyonge hutishwa hata akahama kwake. Ikikazwa kupita kiasi, msema kweli hutiwa gerezani. Historia ya Nakuru na Bonde la Ufa la kati yatuonyesha jinsi watunga sheria wa Kenya walivyohangaika kati ya hatari hizo mbili.

Zama za ukoloni, Nakuru ulikuwa mji wa masetla. Ardhi nzuri ya Njoro, Molo na Naivasha ilitengwa kwa Wazungu, na Waafrika wengi waliishi humo kama watumishi tu. Mwaka 1930 Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika. Kanuni hiyo ilikataza maneno ya vitisho au matusi hadharani yaliyokusudiwa kuvunja amani. Ilikuja pia kuwa na kifungu kilichomtaja mwajiri: mtumishi aliyemtukana mwajiri wake, au msimamizi aliyewekwa na mwajiri, kwa namna ya kumchokoza avunje amani, alikuwa na kosa. Kifungu hicho hakikumtaja mwajiri amtukanaye mtumishi. Hapo twaona kwamba sheria ya matusi huweza kulinda sikio la mkubwa na kulisahau la mdogo.

Baada ya Uhuru wa 1963, mashamba mengi ya masetla yaligawanywa na kuuzwa. Watu wa makabila mbalimbali wakawa majirani, lakini kinyongo cha ardhi hakikwisha. Wakati wa uchaguzi kinyongo hicho kiliwashwa kwa maneno. Molo na Olenguruone ziliona machafuko mwaka 1992, na Njoro mapema mwaka 1998. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Vikaratasi na arafa za simu zilienezwa kuwaonya watu waondoke wasipotaka kufa. Neno "madoadoa", ambalo mama hulitumia kwa kitambaa na mwindaji kwa chui, liligeuzwa kuwa jina la jirani wa kabila jingine. Doa huondolewa, basi aliyeitwa doa alijua analotishiwa. Mwisho wa Januari 2008 ghasia zilifika Nakuru na Naivasha, na uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukajaa wakimbizi. Katika nchi nzima waliokufa walizidi 1,100.

Maafa hayo ndiyo yaliyoigeuza sheria. Tume ya Jaji Philip Waki ilitoa ripoti yake Oktoba 2008, na mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Kifungu cha 13 kiliyafanya matamshi ya kuchochea chuki ya kikabila kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au yote mawili. Sasa aliyelindwa hakuwa bwana shamba, bali jirani. Katiba ya 2010 nayo ilikubali uhuru wa kusema, lakini ikautenga na uchochezi wa vita, ghasia na chuki.

Hata hivyo ilibaki sheria nyingine, ya mwaka 1998, iliyomwadhibu mtu aliyetuma kwa simu ujumbe wa kuudhi mno au wa kutisha. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikifuta kifungu hicho. Maneno yake hayakuwa na mpaka, hata raia asiweze kujua mapema lipi ni kosa. Na kweli, linalomuudhi mmoja humchekesha mwingine. Miaka miwili baadaye, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 iliyataja waziwazi mawasiliano yanayomtia mtu hofu ya kudhuriwa. Lakini ndani yake neno "kuudhi mno" likarudi tena, kana kwamba halikufukuzwa.

Historia hii ina funzo. Kuudhi ni jambo moja, na kutisha ni jingine. Kiongozi aliyechekwa gazetini huudhika, lakini hulala kitandani pake. Mkulima aliyekuta kikaratasi mlangoni hulala porini na watoto wake. Sheria njema ni ile iwezayo kuwapambanua wawili hao. Nasi tusiingoje sheria peke yake, kwa kuwa hakimu huja baada ya neno kutoka kinywani, na mara nyingine baada ya nyumba kuteketea. Kabla ya hakimu yupo msemaji mwenyewe, na yupo yule apokeaye ujumbe wa chuki akakataa kuupeleka mbele.