Benz ya Bwera Huenda Ikawa Tata

Lori kuukuu lenye boneti likipita Kikorongo, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, pale barabara ya Bwera inapoachana na ile ya Mbarara, jina la kwanza kutajwa huwa ni Benz. Nyota ya ncha tatu ipo mbele, rangi imepigwa juu ya rangi, na bodi ya mbao imekwisha kuundwa upya mara nyingi. Mwenye lori ataapa kwamba ni la Mjerumani. Huenda anasema kweli. Lakini nembo ni spea kama spea nyingine: hufunguliwa kwenye gari moja ikafungwa kwenye jingine, na ukiwa na bisibisi kazi hiyo haimalizi hata kikombe cha chai.

Mkanganyiko huu ulianza mbali na milima hii ya Rwenzori. Mwaka 1954 kampuni ya Telco ya India, ya kundi la kampuni za Tata, iliingia mkataba wa miaka 15 na Daimler-Benz ya Ujerumani Magharibi. Telco ilikuwa ikiunda vichwa vya treni mjini Jamshedpur. Sasa ikaanza kuunda na malori. Lililotangulia lilikuwa la familia ya L 312, lenye boneti ndefu na madigadi mapana ya mviringo, na nyota ya Mercedes ilikaa mahali pake. Mkataba ulipokwisha mwaka 1969, nyota ikaondolewa, ikawekwa herufi T ndani ya duara. Lori lenyewe liliendelea kutoka kiwandani na sura ileile.

Wajerumani, kwa upande wao, walikwisha kuiacha sura hiyo. Mwaka 1959 Mercedes-Benz ilitoa malori ya boneti fupi, nene na ya mviringo, na katika ukoo huo ndimo zilimotoka 911 na 1113 zilizoenea Afrika nzima. Ndiyo maana macho hudanganya: ukiyasimamisha mawili sambamba, lile lenye sura ya kizee zaidi, la boneti ndefu, laweza kuwa la India na likawa limeundwa miaka mingi baada ya mwenzake wa boneti fupi. Anayekadiria umri wa lori kwa kulitazama usoni atakosea, na atakosea kwa pesa nyingi.

Afadhali kusoma namba. Mwaka 1963 Mercedes ilianza kuyaita malori yake kwa hesabu ambayo fundi yeyote anaweza kuifumbua. Tarakimu za mwanzo ni uzito wote unaoruhusiwa, gari pamoja na mzigo, kwa tani. Mbili za mwisho ni nguvu za farasi zikigawanywa kwa 10. Kwa hiyo 911 ni lori la tani 9 na nguvu za farasi kama 110, na 1113 ni la tani 11 na nguvu za farasi 130. Herufi nazo zina kazi: LA ni la kuvuta kwa magurudumu yote, LK ni tipa, LS ni kichwa cha kuvuta trela, LP ni lile lisilo na boneti. Tata iliurithi mtindo huo hata baada ya kuachana na Wajerumani. Ndipo zikaja 1210 na 1613, na ndiyo maana Tata nyingi zisizo na boneti zimeandikwa LPT.

Tuseme namba ya mlangoni imefutika au imeandikwa na mchoraji wa mtaani. Injini ina yake. Ile maarufu ya Mercedes ya silinda 6 na lita 5.7, iliyotoka mwaka 1964, inaitwa OM 352, na namba iliyogongwa kwenye chuma chake huanza na 352. Ya zamani zaidi, OM 312, huanza na 312. Hata hivyo injini huhama, kwa hiyo neno la mwisho ni la fremu. Huko namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma kinene, na haing'oki na boneti. Katika malori yaliyoundwa baada ya utaratibu wa namba yenye herufi na tarakimu 17 kuanza kutumika, miaka ya 1980, kazi ni rahisi: inayoanza na WDB ni ya Daimler-Benz, inayoanza na MAT ni ya Tata.

Usukani nao hutoa ushahidi, hasa Bwera. Ukivuka mpaka hapo Mpondwe na kuingia Kasindi, Kongo, unahama kutoka kushoto kwenda kulia, maana Kongo huendesha kulia. Lori la usukani wa kushoto linalofanya kazi Uganda huenda halikununuliwa kwa ajili ya barabara za Uganda. Kibao cha namba husaidia kidogo tu: kile cha zamani, chenye herufi tatu na tarakimu 3 bila herufi ya mwisho, kinakuambia lini gari lilisajiliwa, si lini liliundwa.

Kasese haikukosa kazi ya kuyazeesha malori hayo. Reli ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na shaba ikasafiri kwenda kuyeyushwa Jinja. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980; mwishoni mwa miaka ya 1990 treni nayo ikaacha kuja. Kahawa ya milimani, pamba, chumvi ya Katwe na saruji ya Hima vikabaki juu ya magurudumu ya mpira.

Kulijua lori kwa jina lake la kweli ni jambo la usalama pia. Anayeipakia 911 kana kwamba ni 1210 ameongeza tani 3 ambazo breki na springi zake hazikuundiwa.

Kwa hiyo, mwenye lori, kabla fundi hajapiga rangi mpya kwenye fremu, safisha pale penye namba, weka karatasi juu yake, pitisha penseli, kisha uihifadhi nakala hiyo pamoja na logibuku.