Waingereza na Maneno Yao ya Kufunika

Kabla ya mwaka 1066, Mwingereza aliyefunika kitu alikuwa na kitenzi cha mababu zake, "theccan". Kitenzi hicho hakijafa, ila kimebanwa: leo "thatch" ni kuezeka paa kwa nyasi au mabua, basi. Wanormani walipoitwaa nchi walikuja na Kifaransa chao, na "cover" likatwaa kazi yote ya kufunika. Hapo naiona historia ya matabaka waziwazi: neno la bwana likaenea kila mahali, la mkulima likabaki juu ya kibanda chake.

Kifaransa kiliingia hadi mekoni. Nyumba za mijini zilikuwa za mbao, hivyo kengele ya jioni ilipolia watu walifunika moto wasije wakateketeza mtaa mzima. Amri hiyo ya kufunika moto ndiyo "curfew", na Wakenya wanaijua kafyu vizuri, tangu Hali ya Hatari ya 1952 hadi korona ya 2020. Moto umesahaulika, amri imebaki.

Linalonigusa kuliko yote ni "shroud". Zamani lilikuwa vazi lolote la aliye hai. Karne ya 16 likaanza kuwa sanda. Kisha serikali ikaingilia hata sanda yenyewe. Kwa sheria za 1666 na 1678, Bunge liliagiza maiti azikwe kwa sufu, ili wafugaji wa kondoo na wafumaji wa nchi wasikose soko. Ilibidi mtu aape, ndani ya siku 8, kwamba marehemu hakuvikwa kitani. Aliyekiuka alitozwa pauni 5, nusu yake ikienda kwa aliyemshitaki. Wapo matajiri waliolipa wakazikwa na kitani chao. Maskini hakuwa na hiari hiyo. Sheria ilifutwa mwaka 1814.

"Surround" lilitoka kwenye maji: asili yake ni kufurika, na ndani yake limo neno la Kilatini la wimbi. Karne ya 17 likavutwa na mlio wa "round", likawa kuzingira.

Bahasha nayo ilicheleweshwa na ushuru. Kabla ya 1840 posta ya Uingereza ilitoza kwa umbali na idadi ya karatasi, na karatasi ya kufunikia barua ilihesabiwa kama ya pili. Kwa hiyo watu waliikunja barua yenyewe, wakaandika anwani mgongoni na kuibana kwa lakiri. Tarehe 10 Januari 1840, kutokana na hoja za Rowland Hill, malipo yakawa peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi, iende popote nchini. Mwaka 1845 nduguye, Edwin Hill, pamoja na Warren De La Rue, wakapata hataza ya mashine ya kukunja bahasha. Mashine hiyo ilionyeshwa London mwaka 1851, na "envelope" likawa jina la bidhaa ya kila duka la karatasi.